Kipimo cha MRI katika saratani ya matiti: Namba ile yaaminika?

Kama una mama, shangazi au dada anayetibiwa saratani ya matiti, huenda umewahi kutumiwa kwa simu ripoti ya MRI yenye herufi tatu, ADC, na mbele yake namba kama 0.98 au 1.35. Aghalabu mgonjwa yuko Ndhiwa au Kehancha, picha alipigiwa Kisumu, Eldoret au Nairobi, na mwanawe aishiye mtaa wa Umoja ndiye anayelipa gharama na ndiye anayeifungua ripoti kwanza. Hulinganisha namba ya mwezi huu na ile ya miezi mitatu iliyopita, na kabla jua halijatua jamaa wote wamekwisha kuambiwa kwamba mama amezidiwa, au kwamba dawa zimeanza kufanya kazi.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida, si mtaalamu wa picha. Lakini wagonjwa wa Migori na Homa Bay wakitoka miji mikubwa hurejea kwetu na bahasha zao, na swali la kwanza huwa ni hilo: "Daktari, namba hii inasema nini?" Jibu langu humkera mwenye kuuliza kwa sababu ni swali jingine. Je, namba hiyo ingekuwa ngapi kama mgonjwa angeshuka kitandani, akanyoosha miguu kidogo, kisha akapigwa picha tena saa iyo hiyo?

MAJI YASIYOTULIA

Tuanze na kile kinachopimwa. Mashine ya MRI haitumii miale ya eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu nyingi pamoja na mawimbi ya redio kusoma maji yaliyomo mwilini. Maji hayo hayatulii hata mtu akiwa amelala usingizi. Mwaka wa 1827 mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, Robert Brown, aliona chembe ndogo za chavua zikichezacheza majini bila ya kusukumwa na mtu. Mnamo 1905 Albert Einstein akaeleza kwamba ni molekuli za maji zinazozigonga kutoka kila upande. Katikati ya miaka ya themanini Mfaransa Denis Le Bihan akaonyesha jinsi MRI inavyoweza kuupima mtembeo huo ndani ya mwili wa mtu aliye hai.

Katika nyama ya titi lisilo na ugonjwa, maji yana nafasi ya kutembea. Penye saratani, seli huzaana na kusongamana, na maji hukwama katikati yao. Vuka soko la Rongo alfajiri kabla wachuuzi hawajafika, kisha ulivuke tena siku ya soko saa nne asubuhi. Miguu ni ile ile lakini safari si moja. ADC ni namba inayotueleza maji yalitembea kwa wepesi kiasi gani. Ikiwa chini, kuna msongamano.

Namba yenyewe huandikwa kwa sehemu za elfu za milimita ya mraba kwa sekunde, jambo ambalo halifai kukukosesha usingizi. La kukumbuka ni kwamba titi zima aghalabu huwa kati ya 1.7 na 2.0, uvimbe usio saratani kati ya 1.2 na 2.0, na saratani nyingi kati ya 0.8 na 1.3. Msomaji makini ameshaona kasoro. Uvimbe wenye 1.25 uko upande gani?

Hata hivyo wataalamu wana sababu nzuri ya kukipenda kipimo hiki. Picha ya kawaida ya MRI ya titi huhitaji dawa ya kung'arisha picha idungwe mshipani. Hii haihitaji dawa hiyo, na huchukua dakika chache tu. Kwa nchi kama yetu, ambapo dawa hiyo huongeza gharama na wagonjwa wengine wana figo dhaifu, hilo si jambo dogo.

Lakini msongamano si saratani peke yake. Usaha ni mzito, na maji hayatembei ndani yake kwa urahisi, kwa hivyo jipu la mama anayenyonyesha laweza kutoa namba ya chini kabisa kana kwamba ni kansa. Yeyote aliyefanya kazi katika kliniki ya akina mama wa huku anajua majipu hayo si haba. Kwa upande mwingine kuna aina ya saratani ambayo seli zake hukaa ndani ya ute mwingi. Maji hutembea vizuri katika ute ule, namba hupanda, na saratani hupita mlangoni kama mgeni mwema. Kwa hivyo hata pale ambapo mashine imepima sawasawa, namba yaweza kumpotosha anayeisoma peke yake.

Je, pale ambapo mashine haikupima sawasawa?

GOROGORO MBILI

Anayenunua mahindi Oyugis anajua gorogoro za wachuuzi wawili hazifanani hata zikiwa na jina moja. Moja imebonyezwa chini, nyingine imejazwa mpaka ikafanya kilima. Na hata gorogoro ile ile, mkono ule ule, ukipima mara mbili hutapata punje sawa. Kwenye mialo ya samaki ya Homa Bay mizani hugongwa muhuri na wakaguzi wa serikali, na wanunuzi wa dhahabu kule Macalder hawaikubali mizani wasiyoijua. Cha ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akishika karatasi ya hospitali hukubali namba yenye desimali mbili bila ya kuuliza ilipimwa kwa mizani gani.

Wanaozitengeneza namba hizi, kwa sifa yao, walijiuliza. Katika uchunguzi wa Marekani uitwao ACRIN 6698, uliofanywa katika hospitali kadhaa, wanawake wenye saratani ya matiti walipigwa picha, wakashuka kitandani, wakapumzika kidogo, wakalazwa upya na kupigwa picha ya pili. Saratani haiwezi kubadilika katika dakika hizo, kwa hivyo tofauti yoyote ya namba ni ya kipimo, si ya ugonjwa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2019. Picha zilizofaa kuchunguzwa zilikuwa za wanawake 71, na namba ya mtu mmoja ilipishana, kwa kawaida, kwa asilimia 4.8.

Asilimia 4.8 yaonekana ndogo, na kweli ni matokeo mazuri. Presha ya damu tunayoipima kila siku hupishana zaidi ya hapo kati ya mkono wa kulia na wa kushoto wa mgonjwa mwenye wasiwasi. Lakini tazama maana yake. Kupishana huko kuko katika picha ya kwanza na kuko pia katika picha ya pili. Hesabu ya wataalamu wa takwimu inasema kwamba, ili uwe na hakika ya asilimia 95 kuwa uvimbe wenyewe umebadilika, mabadiliko ya ADC sharti yapite kama asilimia 13.

Tufanye hesabu hiyo pamoja. Kabla ya matibabu namba ilikuwa 1.00. Baada ya miezi mitatu ni 1.08. Familia inashangilia, lakini hakuna aliyethibitisha lolote. Mpaka namba ipite 1.13 hivi, hujui kama ni dawa imefanya kazi ama ni jinsi mgonjwa alivyolala siku ile. Vivyo hivyo ikishuka hadi 0.92, hujui kama hali imeharibika. Na usisahau kwamba asilimia 13 ni ya hospitali zilizokuwa zikikaguliwa, mashine ile ile, siku ile ile, na picha mbovu zikiwa zimetupwa. Katika kazi zetu za kila siku kosa haliwezi kuwa dogo kuliko hilo.

MAMA WA RIPOTI MBILI

Mama mmoja wa huku kwetu, mkulima wa miaka hamsini na kitu, alikuwa akipata dawa za kemotherapi ili uvimbe upungue kabla ya upasuaji. Kabla ya kuanza dawa alipigwa MRI mji mmoja, ADC ikawa 1.02. Katikati ya matibabu akapelekwa mji mwingine kwa kuwa foleni ilikuwa fupi, na ripoti ikaja na 0.94. Kifungua mimba wake, kijana mwerevu aliyesoma, alikuwa amejifunza kwamba namba ikishuka ni seli zinazidi kusongamana. Akanipigia simu akiwa Nairobi. "Daktari, hizi dawa zinamuua mama bure. Tumeamua aziache, tumtafutie nyingine."

Nilimwomba anisomee mstari mdogo ambao hakuna anayeusoma, ule unaoeleza jinsi picha ilivyopigwa. Pana namba nyingine pale iitwayo b, nayo yaeleza sumaku ilitumia nguvu kiasi gani kuusoma mtembeo wa maji. Ripoti ya kwanza ilikuwa imetumia b ya 0 na 800. Ya pili ilitumia 0 na 1000. Ukipandisha b, ADC ya nyama ile ile huelekea kushuka, hata kama hakuna kilichobadilika ndani ya titi. Tofauti kati ya 1.02 na 0.94 haifiki asilimia 8. Ilikuwa ndani ya mpaka wa makosa hata kama mashine ingekuwa moja, sembuse mbili zilizopangwa tofauti.

Mama mwenyewe alipokuja, nilitumia rula na vidole vyangu. Uvimbe uliokuwa wa sentimita sita wakati wa kuanza ulikuwa umebaki na nne na nusu, na ultrasaundi ikasema hivyo hivyo. Mtaalamu wa saratani aliyekuwa akimtibu alisoma ripoti zote mbili, akazirudisha kwenye bahasha, akaendelea na dawa. Baadaye mama alipasuliwa. Kijana alinisumbua kwa maswali mengi mwezi ule, nami sikumlaumu, kwa kuwa ripoti zile hazikuwa na neno hata moja la kumtahadharisha.

Nguvu ya b si kosa la pekee. Mafuta ya titi yasipozimwa vizuri katika picha huishusha namba. Mgonjwa akipumua kwa nguvu au akitikisika kwa baridi ya chumba kile, picha hupata ukungu. Mtaalamu akichora duara dogo pale palipokolea weusi atapata namba moja. Akizungusha mstari uvimbe mzima, pamoja na sehemu zilizokufa katikati, atapata nyingine. Kidonge cha damu kilichoachwa na sindano ya biopsi pia huharibu hesabu. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu: mashine hizi hupima vizuri zaidi katikati ya tundu lake, na matiti, kwa umbo la binadamu, hayakai katikati. Mgonjwa hulala kifudifudi, titi moja kushoto na jingine kulia, mbali na kitovu cha sumaku, mahali ambapo kipimo huanza kupinda.

BARAFU

Kuna njia ya kuikagua mashine, na kila nikiifikiria hunifurahisha kwa wepesi wake. Maji safi yakiwa kwenye nyuzi sifuri, ADC yake ni 1.1. Hiyo ni sheria ya maumbile, haibadiliki Homa Bay wala Tokyo. Thomas Chenevert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha mwaka wa 2011 mbinu ya kuweka mrija wa maji ndani ya chombo kilichojaa maji ya barafu, kungoja ubaridi utulie, kisha kukipiga picha. Mashine ikisoma 1.1, ni sawa. Ikisoma 1.3, itengenezwe kwanza kabla ya kumpima mtu. Barafu ile ile inayopanga mbuta katika masanduku ufuoni yaweza kuikagua mashine ya mamilioni ya shilingi. Ukienda kupigwa picha unaweza kuuliza, kwa adabu, kama chombo hicho hukaguliwa na lini kilikaguliwa mara ya mwisho. Anayefanya kazi yake vizuri hatachukia.

Wataalamu wa Ulaya nao walikubaliana mwaka wa 2020 kwamba picha hizi za matiti zipigwe kwa b ya 800, ili namba za hospitali moja ziweze kulinganishwa na za nyingine. Ni makubaliano ya hiari. Hayamlazimishi mtu.

Sasa tuseme mashine imekaguliwa, b ni ile ile, na mtaalamu ni yule yule. Je, namba yaweza kutabiri kama dawa zitaumaliza uvimbe? Uchunguzi ule ule wa ACRIN 6698 uliwafuata wanawake 242, na majibu yalitolewa mwaka wa 2018. Baada ya majuma matatu ya matibabu, mabadiliko ya ADC hayakusaidia kutabiri. Baada ya majuma kumi na mawili yalisaidia kiasi. Katika kipimo ambacho 0.50 ni sawa na kurusha sarafu na 1.00 ni kutokosea kamwe, ADC ilipata 0.60. Imeishinda sarafu, lakini mimi nisingemwachisha mgonjwa dawa kwa ushahidi huo, wala nisingempa matumaini.

Pale ilipofanya vyema zaidi ni katika kupunguza biopsi. Uchunguzi mwingine wa Marekani, A6702, ulionyesha mnamo 2019 kwamba ADC ingeweza kuwaepusha watu na karibu biopsi moja kati ya tano bila ya kuacha saratani ipite. Habari njema, lakini soma vizuri ni biopsi za nani. Ni za vialama vidogo vilivyogunduliwa na MRI yenyewe. Mama wa Muhuru Bay mwenye uvimbe anaoushika kwa mkono hayumo katika hesabu hiyo, na mtu asimwambie kwamba namba nzuri ya MRI imemwondolea haja ya sindano.

SINDANO KWANZA

Hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, Kenya ilipata wagonjwa wapya 6,799 wa saratani ya matiti mwaka wa 2020, na vifo 3,107. Wengi huja wakiwa wamechelewa. Katika kuchelewa huko kuna miezi inayopotea kwa kuogopa, kwa waganga, kwa kukosa nauli. Sasa nimeanza kuona miezi inayopotea kwa kuchangisha pesa za MRI, familia ikiamini kwamba mashine kubwa ndiyo itakayosema kama ni kansa ama si kansa. Haisemi. Anayesema ni mtaalamu wa patholojia aliyewekewa kipande cha nyama chini ya darubini, na ndiye huyo huyo anayepima kama uvimbe unalishwa na homoni au una alama ya HER2, mambo yanayoamua dawa zitakazotumiwa. ADC haijui lolote kati ya hayo.

Serikali ilipokodisha vifaa vya hospitali mwaka wa 2015, hospitali mbili za kila kaunti zilikusudiwa kupata vyombo vya picha, mamogramu ikiwa mojawapo. Ilikuwa hatua njema. Lakini ningeulizwa kati ya kuiletea kaunti MRI na kuiletea mtaalamu mmoja wa patholojia wa kudumu, nisingefikiri mara mbili. Sindano ya biopsi, ultrasaundi ya kuiongoza na darubini yenye mtu nyuma yake zitaokoa akina mama wengi zaidi Migori kuliko sumaku.

Kwa hivyo, ukigundua uvimbe, iwe wewe ama mama yako nyumbani, aende hospitali ya kaunti wiki hii hii, apimwe kwa mkono na ultrasaundi, na adungwe sindano. MRI ikihitajika, daktari wa saratani ndiye atakayeiomba na atakuwa na sababu. Ikiwa ni ya kufuatilia matibabu, mgonjwa arudi kwenye mashine ile ile aliyoanza nayo hata kama foleni ni ndefu, na ripoti itaje b iliyotumiwa. Ikiwa hakuna budi kubadili hospitali, usipeleke karatasi peke yake. Omba CD ya picha za kwanza, ili mtaalamu mmoja azipime zote mbili kwa macho yake na kwa mkono wake. CD hiyo iandikwe jina na tarehe, iwekwe katika bahasha ngumu, na isiachwe kwenye dashibodi ya matatu juani kutoka Migori mpaka Kisumu. Nimeshapokea mbili zilizopinda.